Vigelegele Nilivyovizima

Mjomba,

Nimekaa kwenye meza yako, ile uliyoitengeneza kwa mlango wa zamani, na nimeshindwa kuanza mara tatu. Nilitaka kukuuliza hali kwanza, kama tunavyofundishwa shuleni kuhusu barua za kirafiki, kisha nikaona haina maana. Basi nianze na jambo lenyewe. Siku yako ya arobaini niliitumia kwa shughuli nyingine. Mama aliniruhusu, lakini wewe sikuwa na namna ya kukuomba. Ndiyo maana nakuandikia.

Yote yalianza na lile zoezi.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye chumba chako cha kazi pale Karatu mjini, magari ya watalii yanapita nje kuelekea geti la hifadhi. Nilikuwa nimemaliza kukusahihishia maneno ya kwenye kava la DVD ya harusi, ukaniita Mama Kamusi kama kawaida yako. Kisha ukanifungulia folda uliyoiita Mabaki. Humo ulikuwa unatupa vipande vya video za harusi, sendofu na vipaimara vilivyotoka vibaya, ambavyo wateja hawakutakiwa kuviona. Ukaniambia nitengeneze trela ya filamu ya kutisha, filamu ambayo haipo, kwa kutumia vipande hivyo tu. Nikakuuliza harusi itamtishaje mtu. Ukasema, "Ukiweza kuifanya harusi iogopeshe, hakuna kitu utashindwa kuhariri." Ukacheka mpaka ukakohoa, na mimi sikujali kile kikohozi.

Jumanne presha ikapanda. Jumatano ulilazwa. Ijumaa Mama alirudi nyumbani ameshika viatu vyako.

Baada ya maziko kompyuta mpakato yako ililetwa huku kijijini Endamarariek pamoja na meza hii, ikawekwa kwenye chumba changu. Watu walishangaa kwamba silii. Shangazi alimwambia Mama kwamba watoto wa vitabu huwa hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na zoezi lako mkononi, na niliona kwamba siku nitakayolimaliza, hutakuwa na kitu kingine cha kunidai. Kwa hiyo nililifanya polepole, kila jioni baada ya shule, kwa wiki mbili nzima.

Ilitoka trela ya dakika moja na sekunde kumi. Inaanza na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, havina mtu. Kisha kisu cha keki. Kisha mkono unaovuta pazia, ule wa yule mpambaji aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya. Na mwisho ni Bibi Salome.

Ulikuwa unampenda Bibi Salome. Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya korongo, na anakaa peke yake tangu shamba la kahawa lililomleta kutoka Singida lilipompumzisha kazi. Kipande chake ulikichukua asubuhi ya harusi ya Debora, binti wa jirani yetu, wakati ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Bibi anatoka ndani ya ukungu ametandaza mikono, mdomo wazi, anakuja moja kwa moja kwenye kamera. Ulikitupa kwenye Mabaki kwa sababu kamera ilitikisika.

Niliona papo hapo kwamba ndicho kipande chenyewe. Nilizima sauti yake. Nikapunguza mwendo hadi theluthi moja, mdomo ukawa unafunguka taratibu, kama mtu anayepiga kelele ambayo haisikiki. Nikaondoa rangi zote nikaacha nyekundu peke yake, nikikusudia kile kitenge alichojifunga. Nyekundu ikabaki pia machoni mwake. Macho ya Bibi ni mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni, kila mtu hapa anajua. Lakini kwenye ile picha ya kijivu yalikuwa yanawaka. Sikuwa nimeyakusudia. Ningeweza kuyarudisha kwa kubonyeza mara mbili tu. Nataka ulijue hili, Mjomba, kwa sababu mwanzoni wengine niliwaambia kwamba nilikosea. Sikukosea. Niliyaona, nikafurahi, nikayaacha.

Chini nikaweka mngurumo, na juu maneno meupe: ALIKUJA NA UKUNGU.

Unanijua mimi, hata kusoma ufupisho mbele ya darasa natetemeka. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, Jenifa, ambaye tunakaa dawati moja. Alikuja nyumbani Jumapili. Ilipofika kwa Bibi alinishika mkono akanifinya, akasema, "Wewe kumbe ni hatari hivi, na ulivyo mpole." Akatoa simu ya dada yake, akaniuliza kama anaweza kurekodi. Niliitikia kwa kichwa. Tangu ufariki, hapakuwa na mtu aliyekuwa ameisifu kazi yangu.

Sijui ilitoka vipi kwenye simu ya dada yake. Ninachojua ni kwamba baada ya siku nne ilikuwa kwenye grupu la kitongoji, na haikuwa yote. Mtu alikuwa ameikata. Viti havikuwepo, kisu hakikuwepo, zilibaki sekunde kumi na tano za mwisho. Bibi peke yake, na ukungu, na macho.

Hakuna aliyesema neno la wazi mwanzoni. Pale bombani wanawake walianza kumpisha Bibi Salome achote maji kwanza. Mama aliniambia kwamba Bibi mwenyewe alidhani ni heshima, akawashukuru siku mbili za kwanza. Siku ya tatu aliona kwamba wakimpisha wanarudi nyuma wote, na hakuna anayeshika ndoo mpaka aondoke. Mama Neema, aliyekuwa akimwachia kichanga chake kila anapokwenda kupalilia, akaanza kwenda shambani na mtoto mgongoni. Watoto wakimwona wanaimba yale maneno yangu, kisha wanakimbia. Ndama wa mtu akafa kwa ugonjwa ambao ndama hufa nao kila mwaka, na safari hii watu wakaulizana nani alipita hapo. Jiwe likarushwa kwenye bati lake.

Nilijua. Nilikuwa naenda shule na kurudi, nasoma, nafanya hesabu zangu, na nilijua. Nilijiambia watasahau.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji akapitisha taarifa ya mkutano. Mkutano ungekuwa Jumapili, kesho yake baada ya arobaini yako, na ajenda mojawapo ilikuwa kumwomba Bibi Salome, kwa amani, arudi kwao Singida.

Siku hiyo nilimwambia Mama. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nilieleza kila kitu bila kupumzika, kama mtu anayesoma kwa sauti. Mama hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja.

"Kaka yangu ndiye aliyekufundisha hivi?"

Hapo ndipo nililia, Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Niliona kwamba nisiponyanyuka, hata wewe utaingia kwenye hili. Watakaojua programu ile ni ya nani na vipande vile ni vya nani watasema ulikufa umeacha kazi ya kuwachafulia watu majina.

Kesho yake mchana tulikwenda kwa Bibi, mimi na Mama, kompyuta tumeifunga kwenye kanga. Alitukaribisha chai. Mama akanywa yake yote mpaka majani ya chini, na mimi nikanywa yote, maana nilielewa kwa nini Mama anakunywa yote. Bibi naye alikuwa anatazama vikombe vyetu. Tulipomaliza aliviinua mwenyewe, akavitazama ndani, akavipeleka jikoni, na aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

Nilimwambia nilichofanya. Nikamwonyesha. Alisogeza kigoda karibu na kioo cha kompyuta, akatazama mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Mara ya pili alisema, "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona nimenyamaza?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu macho.

"Siku ile nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka," akasema. "Mtoto wa watu anaolewa, mimi ninyamaze? Vigelegele vyangu umevipeleka wapi?"

"Vipo, Bibi. Nilivizima tu."

"Haya, viwashe."

Nikafungua kile kipande kama ulivyokipiga wewe, kabla sijakigusa, nikarudisha sauti. Vigelegele vikajaa nyumba nzima. Vilikuwa virefu, vya mtu mwenye pumzi. Na vilipokatika, ikasikika sauti yako, karibu kabisa, kwa kuwa ulikuwa nyuma ya kamera: "Bibi weee, taratibu, utaniangusha! Rudi mlangoni uanze upya, hapo mimi ndiye niliyetikisa." Kisha ukacheka.

Sikuwa nimewahi kuisikia. Ulikuwa unaniambia kila Jumamosi kwamba nisikilize kipande chote kabla ya kukigusa, na hiki nilikizima bila kukisikiliza, kwa sababu picha yake ilinitosha. Nilikaa na zoezi lako wiki mbili nzima ukiwa humo ndani, na mimi nimekuziba mdomo pamoja na Bibi.

Mama alijifunika uso kwa ile kanga ya kompyuta.  Kuku wa Bibi aliingia akatoka, hakuna aliyemfukuza.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. Alisema ulikuwa kijana wa adabu, kwa kuwa picha iliharibika na wewe ulisema kosa ni lako. Kisha akanigeukia. Hakuwa mkali, lakini hakunirahisishia. Alisema Singida waliobaki hawamjui, waliomjua wamekufa, na akifukuzwa hapa atakaa barabarani. Alisema hakuwa amepanga kuja kwenye arobaini, asije akawaharibia watu shughuli. Sasa atakuja, na atakaa mbele, siyo nyuma karibu na masufuria. Na mimi nitasimama niseme kwa mdomo wangu.

Njiani nilimwambia Mama kwamba nitasema Jumapili mkutanoni, siyo siku yako. Mama alisema mkutanoni watu wanakuja wameshaamua. "Msibani wanakuja wamenyamaza," akasema. "Kaka yangu atakupa nafasi."

Basi ilikuwa hivyo. Turubai lilifungwa, mzee wa kanisa akaomba, watu wakala. Televisheni yako tuliitoa barazani, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kuonyesha picha zako. Nilizionyesha. Ya mwisho ni ile umelala chini kwenye majani mabichi ili upate miguu ya bibi harusi, umechafuka suti nzima. Watu walicheka, na walipokuwa bado wanacheka nikasimama.

Siwezi kukuambia nilisema nini hasa. Mama alisimama pembeni yangu, bega lake limegusa langu. Nilisema jina langu, kana kwamba hawanijui. Nilisema ile picha iliyo kwenye simu zao niliitengeneza mimi, kwa kompyuta, na kwamba nitaionyesha yote, kisha nitaifungua mbele yao waone kilichomo.

Ilipofika kwa Bibi, kina mama waliwavuta watoto wao karibu. Mtoto mmoja alijificha kwenye sketi ya mama yake. Bibi Salome alikuwa kiti cha mbele, amejifunga kitenge kilekile, anajitazama ameinua kidevu.

Kisha nikafungua programu. Nilianza na mngurumo. Nikawaambia ni mashine ya kusaga ya hapo juu, nimeipunguza mwendo, nikairudisha ilivyokuwa. Mwenye mashine akaropoka kwamba hiyo ni belti yake inalia, ndiyo maana tangu siku ya kwanza aliona anaijua. Watu wakacheka kidogo, na kile kicheko kidogo kilinipa nguvu. Nikaondoa maneno. Nikarudisha rangi. Ukungu ukawa mweupe wa kawaida, ule tunaoamka nao sisi wote. Kitenge kikapata njano na kijani, na macho yakawa macho ya mtu mzima aliyeamka mapema kupikia harusi ya jirani. Hapo niliwaambia kwamba haya macho niliyaona yanawaka, nikayaacha makusudi, kwa sababu yalipendeza kwenye filamu. Nikarudisha mwendo. Yule mtu aliyekuwa anawajia taratibu akawa bibi anayekimbia kwa kuchezesha mabega.

Ikabaki sauti. Nilichelewa kubonyeza. Wengine walidhani nawatia hamu, lakini nilikuwa nakuogopa wewe.

Vigelegele vilipotoka, mama yake Debora, aliyekuwa nyuma kabisa, aliitikia. Alivipiga mara moja, vikali, kisha akakumbuka tuko msibani akajiziba mdomo kwa mkono. Na wewe ukasema maneno yako. Nyuso zilizokuwa zinatazama televisheni zikageuka zote kuitazama nyumba, kana kwamba umo ndani. Mama akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu Bibi Salome alikuwa analia bila kujificha, na mke wa mwenyekiti, aliyekuwa kiti cha pili, akamshika mkono, akakaa amemshika.

Mwenyekiti alisimama mwisho kutoa shukrani kwa niaba ya kitongoji. Alishukuru chakula, akashukuru turubai, akasema kesho kutakuwa na mkutano na utazungumzia bomba la maji. Akasita. "Bomba la maji tu," akasema, akakaa.

Hiyo ndiyo siku yako ilivyokwenda, Mjomba.

Sitaki udhani kila kitu kimenyooka. Mimi na Jenifa tumepita nyumba kwa nyumba kuomba watu wafute, na Jenifa, ambaye huwa anaongea kwa niaba ya darasa zima, safari hii alinyamaza na kuniacha niongee. Wengi wamefuta mbele yetu. Lakini dada yake Jenifa ameletewa tena picha ile, safari hii kutoka Rhotia, na mtu ameandika chini yake kwamba ni tukio la kweli. Huko hawakuwa chini ya turubai letu. Watoto wawili watatu bado wanakimbia, ingawa nadhani sasa wanakimbia kwa sababu ni mchezo.

Jumatatu Mama Neema alikwenda kwa Bibi na kichanga chake. Nilikuwa napita kutoka bombani. Alisimama nje ya ua, hajui aanze vipi, mpaka Bibi alipomwona.

"Mlete huyo," Bibi akamwambia, "au unasubiri ukungu?"

Mama Neema alicheka kwa aibu, akamtoa mtoto mgongoni.

Jana Bibi aliniita. Nilidhani ananiita kumsaidia kuni. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, amevaa gauni lake la kanisani, nywele zimesukwa upya. Akaniambia niende nikalete kamera yako nimpige picha inayotembea, siyo ya kusimama. Nikaenda mbio. Nilipoiweka sawa nikamuuliza atasema nini, ili nijue nianzie wapi.

"Sisemi kitu," akajibu. "Nitazame tu."

Nikabonyeza. Alikaa. Alinitazama mimi, siyo kamera, na ilibidi nami nimtazame, sikuwa na pengine pa kuweka macho. Upepo ulivuta kola ya gauni, akaiweka sawa. Alimfukuza nzi. Macho yake ni mekundu, na ukiyatazama muda mrefu unaona yana kahawia pia, na kwamba la kushoto linatoa machozi lenyewe. Zilipita dakika nne. Kisha akasema inatosha, akauliza, "Utaikata wapi?"

Nikamwambia sitaikata popote.

Ahadi hiyo niliyompa yeye, ndiyo naileta kwako. Nitaendelea na kazi yako, kama Mama ataniachia kompyuta nikimaliza kidato cha nne. Nitasikiliza kipande chote kabla sijakigusa. Na uso wa mtu sitaugeuza kabla ya kwenda nyumbani kwake, nikakaa, nikanywa alichonipa, nikamuuliza. Nadhani ungeniambia hivyo Jumamosi iliyofuata, baada ya kuliona zoezi. Haikufika tu.

Lala salama, Mjomba. Zoezi lako nimelifuta. Zile dakika nne nimezihifadhi kama zilivyo, na jina la faili nimeandika jina lake kamili, Salome Mnyampaa, kama alivyonitajia mwenyewe herufi kwa herufi.

Mpwa wako,
Yasinta